Lenzi haisogezi kilima

Wengi wanaoanza kupiga picha hapa Dodoma huamini kwamba lenzi pana (inayoonyesha eneo kubwa) inaharibu uso na lenzi ndefu (inayovuta vya mbali) inasogeza vilima karibu. Basi mtu anajinyima miezi kadhaa anunue lenzi nyingine, wakati kinachobadilisha uwiano wa pua na masikio, au wa mtu na kilima, ni umbali wa kamera.

Jaribu mwenyewe. Msimamishe rafiki chini ya mbuyu, vilima vionekane nyuma yake. Simama mita 2 kutoka kwake, piga kwa milimita 18, yaani lenzi ikiwa pana, kisha kwa 50, ikiwa ndefu, bila kusogeza mguu. Ikate kingo picha ya kwanza ibaki na eneo lilelile la picha ya pili. Uso ni uleule, kilima ni kilekile. Kilichopungua ni ubora tu, maana umekata, na ule ukungu unaofifisha vitu vya nyuma ya mtu. Sasa rudi kwenye 18, umsogelee mpaka uso ujae fremu: pua inavimba, masikio yanajificha, kilima kinanywea. Ni miguu yako iliyofanya hivyo.

Faida ya lenzi ndefu ni kukuwezesha kusimama mbali na bado ukajaza fremu, na kwa picha za sura hiyo ni faida kubwa. Ila kama bado unayo ile ya 18-55 iliyokuja na kamera, rudi nyuma hatua mbili kwanza. Pesa kidogo uliyonayo nunua kipulizio cha mpira cha kupeperusha vumbi kwenye lenzi. Vumbi letu la kiangazi halisubiri.