Kongano la mwani halianzi na mashine ya kusaga

"Leteni mashine ya kusaga, kongano litasimama." Vikundi vya mwani na wafadhili wao hurudia kauli hii hadi inachosha, wakimaanisha ule ushirikiano wa wakulima na wadau wengine wa zao moja. Si kweli, na imeshakula fedha nyingi.

Kongano la mwani Zanzibar lilianza 2006, likiongozwa na Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Liliwaweka pamoja wakulima, watafiti, serikali na wafanyabiashara. Mkulima aliyezoea kuvuna, kuanika na kumuuzia wakala kwa kilo akaanza kujifunza kusarifu mwani, ndiyo maana katika kijiji cha Kidoti, Unguja, wanawake wanatengeneza sabuni.

Tazama hesabu ya sabuni hiyo. Mafuta ya nazi gramu 1,000, kostiki soda 174, maji 350, unga wa mwani 20 hadi 30. Kilo 10 za mafuta hutoa vipande 150 hivi vya gramu 100, na unga unaohitajika haufiki hata nusu kilo. Kinu na mchi vinatosha! Kinachoharibu kazi ni vipimo. Kikundi kinachopima kwa kikombe hakipati sabuni ileile mara mbili. Kostiki ikiachwa kopo wazi hunyonya unyevu wa hewa ya pwani. Baada ya siku chache gramu 174 unazopima zina maji ndani yake, na sabuni inabaki laini, ina mafuta. Mwani usiosuuzwa vizuri hubaki na chumvi, sabuni ikamegeka inapokatwa na kutoa jasho rafuni. Suuza, anika tena juu ya chanja, ndipo utwange. Kostiki itiwe kwenye maji, kamwe maji yasitiwe juu ya kostiki. Kisha acha vipande vikauke wiki 4 kabla ya kuuza. Nunueni kwanza mizani inayosoma gramu 1, glavu, miwani na daftari. Mashine itafuata soko likishaiita.

Dhana nyingine: kotoni, aina ya mwani yenye bei nzuri, imepotea kwa uvivu wa wakulima. Hii ni dhuluma. Maji ya kina kifupi yamepata joto; kotoni huwa nyeupe matawini, ikaoza na kukatika, huku spinosamu, aina nyingine ya mwani, ikivumilia zaidi. Kotoni ndiyo yenye karajinani (kigandishi kinachotolewa kwenye mwani) aina ya kapa, ambayo viwanda huitafuta zaidi, kwa hiyo bei yake iko juu. Dawa ni kuihamishia maji ya kina, katika nyavu za umbo la bomba ambazo hushika tawi hata likikatika. Lakini huko kunataka boti na kujua kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa. Mradi unaogawa nyavu bila boti wala mafunzo ya kuogelea umewaacha nchi kavu.

Sabuni ya mwani inatibu ngozi? Inasafisha. Kwenye lebo andika viambato, uzito na tarehe, usiandike tiba isiyothibitishwa.

Na wale wanaosema utafiti ni kazi ya chuo: mtafiti hayuko majini kila bamvua, mkulima yuko. Panda kamba 5 kwa njia ya zamani na 5 kwa mpya, siku moja, mbegu ya uzito mmoja. Baada ya siku 45 vuna, pima kila kamba peke yake, andika. Daftari hilo ndilo mtafiti anapaswa kulikuta akifika kijijini.