Je, wajua kwa nini mjusi wa Afrika Kusini aitwaye kitaalamu Ouroborus cataphractus huung'ata mkia wake mwenyewe?

Jibu fupi ni tumbo. Mgongo, shingo na mkia wa mjusi huyu vimefunikwa kwa magamba yenye miiba, na chini ya magamba hayo kuna vibamba vya mfupa vilivyomea ndani ya ngozi: deraya kamili. Tumboni lakini ngozi ni laini. Akivamiwa mahali pa wazi hujikunja, huushika mkia kwa meno na kugeuka pete ya miiba. Kakakuona hufanya karibu hivyo hivyo, ila yeye hahitaji kujing'ata.

Anaishi Afrika Kusini tu, katika eneo kame la magharibi, tangu upande wa Mto Orange kushuka hadi milima ya Piketberg. Ni mdogo kuliko picha zake zinavyomkuza: bila mkia, sentimita kumi hivi ni mkubwa.

Swali gumu zaidi ni hili: kwa nini asikimbie tu kama mijusi wengine? Kwanza, hukimbia. Kimbilio lake ni ufa wa mwamba, na akiwa karibu nao hujichomeka humo, miiba ikakwama, kumtoa ikawa kazi. Shida huanza akiwa mbali.

Na kinachompeleka mbali, kwa maelezo ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, ni maisha ya ujima. Mijusi wengi hupenda upweke, lakini hawa hukaa kundi zima katika ufa mmoja, na yamewahi kuonekana makundi ya makumi. Wadudu wanaopita jirani na mwamba hawawezi kutosha vinywa vyote hivyo. Kwa hiyo hulazimika kwenda kwenye matundu ya mchwa wavuna majani, yaliyo uwandani mbali na maficho. Huko chakula ni tele, hasa majira ya kuchipua baada ya mvua za baridi, lakini nguchiro na ndege wawindaji nao wapo. Mjusi mzito, mwenye mwendo wa pole, hana mbio za kumrudisha nyumbani salama. Deraya na ule mkunjo ndivyo vinavyofidia. Kiangazi kikikaza, hutulia ufani, hutumia nguvu kidogo na kusubiri.

Kinga hiyo hufaa dhidi ya meno. Mkono wa binadamu humwokota tu kama jiwe. Wasaka mijusi hubomoa miamba kwa mitaimbo, na kwa kuwa wote wamo ufa mmoja, huondoka na kundi zima. Pengo halizibiki upesi: jike hatagi mayai, huzaa mtoto hai, kwa kawaida mmoja kwa mwaka. Kumkamata bila kibali ni kosa Afrika Kusini, na watu wamefungwa kwa hilo. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nao unadai kibali anapovushwa mpaka.

Wapo wanaomfuga Ulaya, Marekani na Japani, na bei yake ni kubwa. Anahitaji joto kali upande mmoja wa kizimba na ubaridi upande wa pili, taa ya miale ya urujuanimno, mawe yenye nyufa, wadudu, na ikiwezekana wenzake. Kwa maoni yangu hafai kwa anayetaka kuona vituko: mjusi anayejikunja mkononi ameogopa, hachezi. Mnunuzi makini huuliza karatasi zinazoonyesha alizaliwa kizimbani, maana kwa kiumbe anayezaa polepole hivi, bei rahisi ni sababu tosha ya kushuku.

Afrika Mashariki tuna jamaa yake, Cordylus tropidosternum, mwenye miiba pia, ila huyu hujificha chini ya magome ya miti. Aliuzwa nje kwa wingi kutoka Tanzania hadi serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016.