Restomodi: sura ya zamani, mwendo wa leo

Restomodi ni gari la zamani lililojengwa upya ili liendeshwe kama gari la leo, huku sura yake ikibaki ileile iliyolifanya lipendwe. Likiwa limeegeshwa unaona mwaka 1970. Liingize kwenye kona kwa kasi, utakutana na breki, springi na shokapu za miaka hii.

Lisichanganywe na gari lililorudishwa katika asili yake. Kurudisha asili ni kazi ya kuhifadhi: kabureta ileile, rangi yenye namba ileile ya kiwandani, na kwa washika dini wa mambo haya hata alama kwenye vichwa vya boliti lazima ziwe sahihi. Wala lisichanganywe na gari lililochezewa tu, lile la rimu pana, ekzosi ya makelele na springi zilizokatwa kwa grainda, bila mtu kupiga hesabu ya namna kitu kimoja kinavyovuta kingine. Kwangu mimi hesabu hiyo ndiyo restomodi yenyewe. Mengine ni mapambo.

Tuchukue Datsun 240Z, gari dogo la michezo ambalo historia yake imepita kwenye vumbi letu. Lilizinduliwa Japani mwishoni mwa 1969, likaingia Marekani mwaka uliofuata kwa bei ya dola 3,526. Lina injini ya silinda sita za mstari yenye ujazo wa cc 2,393. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za East African Safari, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta alishinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Gari la ushindi wa 1971 limehifadhiwa na Nissan, wenye chapa ya Datsun, huko Zama, Japani, na hilo hakuna mwenye akili timamu atakayelisogelea na grainda.

Nissan hiyohiyo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, iliwahi kununua 240Z chakavu huko Marekani, ikazirudisha upya na kuziuza kwa karibu dola 25,000 kila moja. Huo ulikuwa ukarabati wa asili. Restomodi huanza pale mtu anaposema: sura hii naitaka, ila breki zake sizitaki.

Kazi huanzia kwenye bati, siyo kwenye injini, ingawa wenye haraka hukimbilia injini. 240Z haina fremu ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wote. Kutu kwenye sakafu, chini ya betri au nyuma ya milango si suala la urembo, ni udhaifu wa gari zima. Bodi huvuliwa kila kitu, hupigwa mchanga hadi chuma kibaki kitupu, kisha bati lililooza hukatwa na jipya kuchomelewa. Wajenzi makini huongeza pia weldi kwenye maungio na vyuma vya kukazia, kwa sababu hii: ukifunga springi ngumu kwenye bodi laini, bodi ndiyo itakayojipinda badala ya springi, na pesa yote ya shokapu itakuwa imepotea bure.

Hapo ndipo tunafika kwenye suspensheni, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo magari mengi huharibiwa na watu wenye nia njema.

240Z ilitoka kiwandani na suspensheni nzuri kwa zama zake. Mbele na nyuma, kila gurudumu linajitegemea, likibebwa na nguzo moja yenye springi na shokapu ndani yake, na mkono wa chini unaolishika lisiende huku wala kule. Muundo huo hauna sababu ya kutupwa. Kilichozeeka ni bushi za raba, springi laini na shokapu zisizo na marekebisho yoyote. Tena kiwandani hapakuwekwa namna ya kurekebisha mwinamo wa tairi, yaani tairi kulalia ndani au nje. Ulivyokuta ndivyo ulivyokaa nao.

Mjenzi wa leo hufunga nguzo yenye nyuzi za kuzungusha ili kupandisha au kushusha gari, shokapu yenye kitufe cha kuongeza au kupunguza ugumu, na mikono ya chini inayorefushwa na kufupishwa. Vizuri. Tatizo ni kwamba mtu akishapata nyuzi za kuzungusha, mkono haumtulii. Analishusha gari hadi karibu lilambe lami.

Tazama kinachotokea. Gari likishuka, mkono wa chini ambao ulikuwa karibu sambamba na barabara unainuka upande wa gurudumu. Ile nukta ya kufikirika ambayo gari hulalia linapokata kona nayo inashuka, na inashuka zaidi kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake gari lililo chini linataka kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa juu, kinyume kabisa na alichokusudia mwenyewe. Tai rodi, zile fimbo zinazopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, nazo zinabadili pembe, kwa hiyo kila gurudumu linaporuka kwenye tuta linajikunja lenyewe bila usukani kuguswa. Na ndani ya nguzo, pistoni ya shokapu iko karibu kugota chini, hivyo shimo dogo tu linapiga kama nyundo.

Dawa ipo, na si siri. Bomba la nguzo hukatwa, hufupishwa na kuchomelewa tena ili shokapu fupi ipate nafasi yake ya kusafiri. Kati ya nguzo na mkono wa usukani huwekwa kipande cha chuma chenye unene wa sentimita mbili na ushei, ili mkono wa chini na tai rodi virudi kwenye pembe inayofaa. Kipande kidogo hicho, ambacho mtazamaji hatakiona kamwe, kina thamani kuliko rimu zote nne.

Sura haiachwi nyuma, kwani suspensheni na bodi hushikana. Breki za mbele zilikuwa diski nyembamba na za nyuma dramu. Diski kubwa haitoshi ndani ya rimu ya inchi 14, basi rimu inakua. Rimu ikikua na tairi ikipanuka, inagonga madigadi, basi madigadi yanapanuliwa. Upanuzi huo una asili yake: mwaka 1971 Nissan iliuza nchini Japani toleo la 240ZG lenye pua ndefu na madigadi ya nyongeza yaliyofungwa kwa skrubu zinazoonekana. Ndiyo maana mtindo huo hauonekani wa kigeni kwenye gari hili. Lakini fundi wa bodi akikata tao la gurudumu ili tairi lipate nafasi, ametenganisha bati la nje na la ndani. Asipoyakunja na kuyachomelea tena pamoja, akafunika tu na faibaglasi, maji yataingia katikati na kutu itarudi ikiwa imejificha chini ya rangi mpya. Ukienda kukagua gari la namna hii ili ununue, usiishie kusifu rangi. Ingiza mkono chini ya tao, upapase.

Mahali pengine hutumika nyuzi za kaboni badala ya bati. Singer, kampuni iliyoanzishwa Los Angeles na Rob Dickinson mwaka 2009, hulivalisha hivyo Porsche 911 la mteja ili lionekane la miaka ya 1960 na 1970. Gari wanaloanzia ni la kizazi cha 964, lililokuja na springi za kawaida za kuzunguka pale ambapo 911 za kabla yake zilitumia fito za chuma zinazojinyonga. Nalo hilo ni chaguo la suspensheni kabla ya kuwa chaguo la sura.

Kuhusu injini nitasema machache. Wapo wanaoibakiza ile ya asili na kuiwekea mfumo wa kielektroniki wa mafuta badala ya kabureta mbili. Wapo wanaofunga RB26 ya Nissan Skyline GT-R, nayo ni ya silinda sita za mstari, yenye turbo mbili. Ni tamu, lakini ni nzito zaidi, na hesabu zote za springi huanza upya.

Linabaki swali la kisichorudi. Shokapu hufunguliwa na ya zamani ikarudishwa. Tao lililokatwa ndiyo basi. Uingereza, gari lililopita miaka 40 halidaiwi ukaguzi wa kila mwaka, isipokuwa liwe limebadilishwa pakubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Sokoni nako kuna adhabu yake: Januari 2020 240Z ya mwaka 1971, iliyotunzwa katika asili yake, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Kwa hiyo mjenzi anayejua kazi hutafuta bodi iliyokwisha kupoteza injini na rangi yake ya kwanza, na akiletewa gari zima lenye namba zote zinazolingana, yaani injini na bodi zilizotoka pamoja kiwandani, humshauri mwenyewe aliuze kwa wapenzi wa magari ya asili, kisha arudi na pesa hiyo na bodi nyingine.