Kabla ya kujumlisha takwimu: maswali kuhusu mapitio ya kimfumo ya ushahidi wa tiba

Mapitio ya kimfumo yana tofauti gani na kusoma tafiti kumi kisha kuandika muhtasari?

Tofauti iko kwenye njia, si kwenye wingi wa tafiti. Anayefanya mapitio ya kimfumo huweka swali na kanuni zake kabla ya kuona majibu: tafiti za aina gani zitaingia, zitatafutwa wapi, nani atazichuja, na tokeo lipi litahesabiwa kuwa kuu. Kanuni hizo ndizo itifaki, nayo husajiliwa hadharani. Sajili inayojulikana zaidi ni PROSPERO, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2011. Muhtasari wa kawaida hauna ulinzi huo. Mwandishi huokota tafiti anazozijua, na aghalabu anazozijua ni zile zinazokubaliana naye.

Tushike mfano mmoja hadi mwisho: kupaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye kitovu cha mtoto mchanga.

Swali langu lilikuwa "Je, klorheksidini inasaidia?" Msimamizi amelirudisha. Kosa ni lipi?

Halina mipaka. Inamsaidia nani, ikilinganishwa na nini, izuie nini? Liandike hivi: kwa watoto waliozaliwa nyumbani au kituoni, je, kupaka klorheksidini kitovuni, badala ya kukiacha kitovu kikauke chenyewe, kunapunguza vifo katika siku 28 za kwanza? Sasa kuna wahusika, tiba, ulinganisho na tokeo.

Chagua tokeo ambalo mama wa Kayole angeliuliza. Kupungua kwa bakteria kwenye ngozi ni habari ya maabara. Yeye anataka kujua kama mtoto ataishi. Tamka pia, mapema, makundi utakayoyatazama kando kando. Hapa waliozaliwa nyumbani na waliozaliwa kituoni lazima watenganishwe, na sababu tutaiona mbele.

Natafuta wapi? PubMed haitoshi?

Haitoshi. PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, ni bure na ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini ongeza hifadhi nyingine: CENTRAL, Embase kama chuo chako kinailipia, na African Index Medicus, kwa sababu majarida mengi ya kwetu hayamo kwenye hifadhi kubwa. Kisha pekua sajili za majaribio, ikiwemo ile ya Afrika iitwayo PACTR. Huko utakuta majaribio yaliyokamilika ila hayakuchapishwa. Yenye matokeo ya kupendeza hutoka upesi. Mengine hulala kwenye droo, na ukiyakosa hayo, dawa itaonekana bora kuliko ilivyo.

Kosa tunaloliona zaidi ni kumimina maneno yote kwenye kisanduku kimoja. Panga kila wazo kwenye safu yake: maneno yenye maana moja yaungane kwa OR, kisha safu na safu ziungane kwa AND. Ukiandika neonat* unapata neonate, neonates na neonatal kwa mkupuo mmoja. Weka OR, kisha newborn* na infant*. Safu ya pili iwe ya kitovu, ya tatu ya dawa. Usiweke safu ya tokeo, kwani ikisiri (muhtasari ulio mwanzoni mwa makala) nyingi hazitaji vifo hata pale vilipohesabiwa.

Halafu jipime. Chukua tafiti tano unazojua hakika zinastahili kuingia. Ikikosekana hata moja kwenye majibu yako, kuna neno limekuponyoka. Mkutubi wa chuo ataliona haraka kuliko wewe, kwa hiyo mfuate kabla ya kuanza, si baada ya kukwama. Hifadhi mstari mzima wa utafutaji pamoja na tarehe.

Naweza kuchuja peke yangu?

Kwa insha ya darasani, labda. Kwa mapitio yatakayoongoza matibabu, hapana. Wawili huchuja bila kuchunguliana, na wa tatu huamua wanapopishana. Anzeni na ikisiri 50 za majaribio. Mkipishana sana, kanuni zenu hazieleweki. Zirekebisheni hapo hapo, kabla ya kuingia kwenye ikisiri zote, tuseme 3,000. Programu kama Rayyan huficha uamuzi wa mwenzako hadi mmalize. Mkifika hatua ya kusoma makala nzima, kila inayokataliwa iandikiwe sababu. Mwongozo wa kuripoti mapitio uitwao PRISMA, wa mwaka 2020, wenye vipengele 27, unalidai hilo.

Takwimu nimezipata. Watu huteleza wapi wakati wa kuzivuna?

Hapa ndipo mapitio mengi huharibika kimya kimya, maana programu hujumlisha chochote ulichoilisha.

Kosa la kwanza ni kuchanganya mkengeuko sanifu (standard deviation) na kosa sanifu (standard error). Kosa sanifu ni mkengeuko uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya washiriki. Utafiti wa watu 100 wenye mkengeuko wa 10 una kosa sanifu la 1. Ukiiandika hiyo 1 kwenye safu ya mkengeuko, utafiti huo unapata uzito mara 100 ya unaostahili na kuzimeza tafiti nyingine zote. Ukiona kwenye mchoro wa kujumlisha tafiti (forest plot) utafiti mdogo wenye mstari mfupi kupita kiasi, rudi kwenye makala.

La pili linahusu majaribio yaliyogawa vijiji vizima badala ya mtoto mmoja mmoja, kama yalivyokuwa mengi ya majaribio makubwa ya klorheksidini. Watoto wa kijiji kimoja hufanana: mkunga mmoja, maji yale yale. Kuwahesabu kana kwamba hawana uhusiano ni kujipa uhakika usiokuwepo. Tuseme kila kijiji kina watoto 20 na kiwango cha kufanana ni 0.02. Toa 1 kwenye 20, zidisha kwa 0.02, ongeza 1: unapata 1.38. Watoto 1,000 ukiwagawanya kwa 1.38, wanabaki na thamani ya kama 725.

La tatu ni kuhesabu jaribio moja mara mbili, kwa kuwa lilitoka kwenye mkutano, kisha kwenye jarida, majina ya waandishi yakiwa yamepangwa upya. Linganisha namba za usajili, si vichwa vya makala.

Nitajuaje kama tafiti zenyewe zinaaminika?

Kwa majaribio yanayogawa washiriki kwa bahati nasibu, chombo cha RoB 2 hukagua maeneo matano: ugawaji, kukiuka tiba iliyopangwa, takwimu zinazokosekana, upimaji wa tokeo, na uteuzi wa matokeo ya kuripoti. Usiyageuze kuwa alama za kujumlisha kama mtihani. Kagua pia kama utafiti umefutwa. Wakati wa korona, jaribio moja la Misri kuhusu ivermektini liliondolewa mtandaoni Julai 2021 baada ya shaka kuzuka juu ya data yake, na mapitio yaliyokuwa yamelitegemea yakayumba.

I² yangu ni asilimia 80. Nitoe wastani tu?

Tulia kwanza. Namba hiyo inasema tafiti zako zinapingana kuliko bahati inavyoweza kueleza. Majaribio ya Nepal, Bangladesh na Pakistan yaliashiria kwamba klorheksidini inapunguza vifo. Ya Zambia na Pemba, yaliyochapishwa mwaka 2016, hayakuona hivyo. Huko Asia watoto wengi walizaliwa nyumbani na vifo vilikuwa vingi zaidi. Wastani wa pande mbili hizo haumhusu mtoto yeyote. Toa majibu mawili, na kama ulivitenganisha vikundi kwenye itifaki, hakuna atakayesema umevua samaki, yaani umetafuta kundi lenye jibu ulilolitaka.

Mwongozo wa GRADE una viwango vinne vya uhakika: juu, wastani, chini, chini sana. Ushahidi wa vijijini Sindh, Pakistan, ukiutumia kwa wodi ya wazazi ya Pumwani, Nairobi, huenda ukaushusha ngazi moja kwa sababu mazingira ni mengine kabisa.

Mpaka wa makadirio yangu unavuka 1. Niandike "dawa haifanyi kazi"?

Usiandike hivyo. Tuseme uwiano wa hatari, ambao ukiwa 1 maana yake hakuna tofauti, ni 0.85, kuanzia 0.60 hadi 1.20. Huenda vifo vinapungua kwa asilimia 40, huenda vinaongezeka kwa asilimia 20. Andika "hatuna uhakika kama inapunguza vifo", utoe na namba zote tatu. Kisha tazama tarehe ya utafutaji wako: ikiwa imepita miezi 12, rudia kabla ya kutuma jaridani.