Kipokezi cha glutamati kwenye misuli ya mdudu ni nini?

Panzi akiruka, nguvu yote inatoka kwenye paja la nyuma, kwenye msuli unaonyoosha mguu. Neva inayouamuru msuli huo haiugusi. Katikati pana mwanya mwembamba mno, na amri huuvuka kwa kemikali iitwayo glutamati, jamaa wa ile chengachenga nyeupe tunayotia kwenye supu ili inoge.

Upande wa pili, kwenye utando wa msuli, zimejipanga protini zenye tundu katikati. Hizo ndizo vipokezi. Glutamati ikinasa, protini inajikunja kidogo, tundu linafunguka, na ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu, zenye chaji chanya, zinamiminika ndani. Chaji ya utando inabadilika, msuli unakaza. Muda si muda vipokezi vinazimika, hata kama glutamati bado imevishika.

Kwetu sisi mambo ni kinyume. Misuli ya mkono wako huamriwa na kemikali nyingine, asetilikolini, na glutamati ina kazi kubwa ubongoni. Mdudu asetilikolini anayo ubongoni, glutamati ndiyo ya misuli.

Lakini kinachonivutia zaidi ni hiki: nzige ana vipokezi vingine kwenye msuli uleule, nje ya pale neva inapokutana nao. Navyo hupokea glutamati, ila tundu lake hupitisha kloridi, yenye chaji hasi, na msuli unatulia badala ya kukaza. Kemikali moja, matokeo mawili. Kwa hiyo ukiuliza glutamati "inasema" nini, jibu ni: inategemea nani anasikia.

Vipokezi vya jamii hii ya kloridi ndivyo vinavyong'ang'aniwa na ivermektini, dawa wanayopewa watu wa maeneo yenye usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha. Inaviacha wazi, na mnyoo au mdudu analegea. Binadamu hana vipokezi hivyo kabisa.

Vile vya kukazisha navyo vina adui wake. Yupo nyigu mwindaji wa nyuki, Philanthus triangulum, ambaye sumu yake husubiri tundu lifunguke, kisha inaingia na kuliziba kama kizibo cha chupa. Nyuki hafi. Neva zinaendelea kuamuru, miguu haisikii, na nyigu anambeba hadi shimoni, ambako buu wake atamla akiwa bado mbichi.