Tundu la makula: je, na jicho la pili litatoboka?

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kliniki ya macho kila mgonjwa anapoambiwa jicho lake moja lina tundu.

Tundu la makula ni nini?

Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ndiyo inayokuwezesha kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Ikitoboka, unapoteza katikati ya kile unachokitazama, pembeni unaendelea kuona. Jicho haliumi wala haliwi jekundu, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka.

Linasababishwa na nini?

Mara nyingi ni umri. Jicho limejaa ute mzito ambao kadiri miaka inavyokwenda, hasa kuanzia 60, husinyaa na kubanduka kutoka kwenye retina. Kwa wengi hubanduka salama. Kwa wachache hung'ang'ania makula na kuivuta mpaka itoboke. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Si kusoma sana, si cherehani, si simu, na hujalogwa.

Jicho langu la pili je?

Kati ya watu 100 wenye tundu jicho moja, takriban 10 hadi 15 hupata na la pili ndani ya miaka 5. Lakini hatari hailingani kwa wote. Kama ute wa jicho la pili umeshabanduka wote, hatari haizidi watu 2 kati ya 100. Kama picha ya OCT, yaani picha ya mwanga inayoonyesha tabaka za retina, inaonyesha ute bado umeshika na unavuta makula, hatari ni kubwa zaidi na inabidi ufuatiliwe kwa karibu. Kwa hiyo daktari akitaka kutia dawa ya kupanua mboni kwenye jicho "zima", tafadhali mkubalie. Ukungu wa saa chache utaisha.

Si nitajua mwenyewe likianza?

Hapana. Ukitazama kwa macho mawili, jicho zima hulifichia bovu. Mama mmoja aliletwa kupimiwa miwani tu. Nilipomwambia azibe jicho la kulia anitazame usoni, akasema: "Naona kilemba, naona masikio, pua siioni." Hakuwahi kuziba jicho moja, kwa hiyo hakujua limeanza lini.

Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, ukiwa na miwani yako kama unayo, tazama nondo za dirisha. Kisha jingine. Kuna nondo iliyopinda? Iliyokatika katikati? Fanya hivyo kila wiki, na ukiona badiliko nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Jicho jingine bado linaona. Si nisubiri kidogo?

Hapana. Jicho la pili si akiba ya kukupa muda wa kusubiri.

Hata miezi michache, mpaka baada ya mavuno?

Hata hiyo. Tundu dogo ambalo halijakaa muda mrefu hufungwa kwa upasuaji kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Likiachwa hupanuka, na hata likifungwa baadaye uoni haurudi kama ambavyo ungerudi. Wengi husubiri wakidhani ni mtoto wa jicho, eti akomae kwanza. Mtoto wa jicho ukimchelewesha, mara nyingi bado anatolewa na unaona. Tundu halina subira hiyo, jamani.

Kuna matone ya kuliziba?

Hakuna. Miwani ya kuokota kituo cha daladala nayo haizibi tundu. Matone yenye steroidi yaliyobaki kwa jirani yanaweza kupandisha presha ya jicho na kukuletea mtoto wa jicho. Asali na maziwa ya mama huingiza vijidudu. Tunawaomba kila siku: acheni kutia vitu hivi machoni.

Basi jicho la pili lipasuliwe mapema kama kinga?

Hapana. Hata makula iliyoanza tu kuvutwa, bila kutoboka kabisa, karibu nusu ya wagonjwa hupona ute ukijiachia wenyewe. Hapo tunafuatilia kwa OCT.

Upasuaji ukoje, na wapi?

Anzia kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa upate rufaa. Wataalamu wa retina wapo hospitali kubwa kama KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT. Ute hutolewa, utando mwembamba juu ya makula humenywa, kisha jicho hujazwa gesi. Baada ya hapo utalala na kukaa umeinamisha uso kwa siku utakazoambiwa.

Nikitoka Dar naweza kurudi Mbeya kwa basi?

Si mpaka daktari akuruhusu. Gesi hutanuka ukipanda juu, na presha ya jicho inaweza kupanda hadi ukapoteza uoni. Ndege ni marufuku kabisa. Barabara ya Mbeya nayo inakutoa usawa wa bahari na kukupandisha zaidi ya mita 1,500. Gesi hukaa wiki 2 hadi 8 kulingana na aina yake, hivyo tafuta ndugu wa kukaa naye mjini kabla ya kupanga tarehe. Na ukihitaji upasuaji mwingine wowote katika kipindi hicho, mwambie mtoa dawa ya usingizi kwamba jicho lina gesi, kabla hajaanza.