Usimuulize mama mboga, muulize mjumbe wa wadi yako (MCA)

Juzi tena, kwenye mafunzo ya walaji, mtu kasimama akasema: "Sisi wateja tukikataa mboga zenye dawa, mkulima atabadilika tu." Ukumbi ukampigia makofi. Mimi ni bwana shamba wa mboga na matunda, na kauli hii imenichosha. Inamwondolea lawama kila mwenye mamlaka, kisha inawatwika mzigo watu wawili wasioweza kuubeba: mama mboga na mteja wake.

Chukua nyanya. Mteja akiona madoa meupe anahama kibanda. Mara nyingi ule weupe ni mankozebu, dawa ya ukungu inayobaki juu ya ganda, na kuosha huipunguza. Inayonitia wasiwasi zaidi ni ile isiyoonekana, inayopenya ndani ya mmea na kukaa kwenye nyama ya tunda. Nyanya iliyopigwa dawa hiyo juzi inang'aa vizuri kabisa, na mteja makini ndiye atakayeichagua.

Na mkulima huyo si mtu mbaya. Kwenye lebo ya chupa kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwa herufi ndogo mno. Tuta absoluta, kiwavi anayetoboa nyanya, ameshaingia shambani, mkulima kanyunyiza Jumatatu, Jumatano broka anafika na lori na bei nzuri ya kreti. Asipovuna, lori linakwenda kwa jirani. Alfajiri inayofuata mama mboga ananunua kreti hiyo sokoni, ikiwa imechanganywa na nyanya za mashamba mengine. Ukimuuliza kama zimepigwa dawa atakwambia hapana, maana anataka kuuza na hana njia yoyote ya kujua.

Nembo ya Kilimohai, inayotambulisha mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani, ipo Afrika Mashariki tangu 2007. Wanaolima kwa kanuni zake nawaheshimu sana. Ukiweza, nunua kwao. Ila wengi wetu tunanunua sukuma ya jioni kibandani kwa pesa iliyopatikana siku hiyohiyo, na sera haiwezi kusubiri mpaka sote tuwe na uwezo.

Sasa tazama mishiri, yale maharagwe machanga ya kuuza Ulaya. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima sehemu moja ya kumi ya shehena za maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya, kwa sababu masalia ya dawa, dimethoeti ikiwemo, yalikuwa yanapita kiwango. Wasafirishaji wakabanwa, nao wakawabana wakulima. Leo mkulima wa mishiri anaandika daftarini tarehe ya kunyunyiza, jina la dawa na kipimo. Akivuka mtaro akaingia kwenye sukuma ya soko la nyumbani, haandiki kitu. Ni mtu yuleyule na bomba ni lilelile. Mlaji wa Ulaya hakulindwa na ujuzi wake wa kuchagua mboga. Alilindwa na sheria yenye kiwango, maabara, na afisa mwenye uwezo wa kurudisha mzigo.

Hapa kwetu pia mambo yamewahi kusogea kwa njia hiyo. Mwaka 2019 Gladys Shollei, akiwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha ombi bungeni kutaka viuatilifu hatari viondolewe sokoni, huku mashirika ya kiraia yakipiga kelele ileile. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ikatangaza kuondoa bidhaa 77 na kuwekea masharti nyingine 202. Miaka sita ni mingi mno. Lakini Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, hata wewe usiye na cheo.

Usajili wa dawa ni kazi ya serikali kuu, kupitia PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu. Masoko, na usimamizi wa wanaouza chakula kwa umma, ni kazi ya kaunti, na huko ndiko watu wanakopoteza nafasi. Wanajitokeza kwenye vikao vya bajeti mwezi wa Mei, wanasema "tunataka chakula salama", wanaandikwa majina, wanakwenda nyumbani. Kufikia Mei pesa zimeshagawanywa! Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka ukomo wa kila idara, hufika kabla ya tarehe 28 Februari. Hapo ndipo pa kubanana. Na "chakula salama" haina mstari kwenye bajeti, kwa hiyo karani hana pa kuiweka. Andika hivi: idara ya afya itengewe pesa za kupima nyanya, sukuma na hoho za soko letu kila robo mwaka, na matokeo yabandikwe kwenye lango la soko. Taja soko kwa jina. Mpe MCA nakala, na ubaki na yako yenye muhuri.

Kama unataka kujua kaunti ilipima nini mwaka jana, iandikie barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu. Jibu likiwa "hatukupima", umepata hoja ya Februari.

Nina mashaka yangu. Vikao vingine huitishwa ili karatasi ya mahudhurio ijae tu, na nimeona memoranda nzuri zikipotelea humo. Linaloninyima usingizi zaidi ni upimaji wenyewe. Ukija peke yake, atakayeumia ni mkulima wa robo ekari, ambaye nyanya zake zitamwagwa wakati aliyemuuzia dawa bila maelezo amekaa dukani kwake. Murang'a ilipitisha sheria ya kilimo ikolojia, yaani kinachotegemea asili kuliko kemikali, mwaka 2022, na napenda kwamba inaanzia shambani, ila sheria bila bajeti haimfikii mkulima. Kwa hiyo kwenye ombi lenu la kupima, ongezeni aya ya pili: mabwana shamba wangapi waajiriwe, katika wadi zipi, na kwa pesa za fungu gani. Aya hiyo ikikatwa, mimi nisingeitia sahihi ile ya kwanza.